Gari la Zamani Likigoma: Dalili, Vyanzo na Mahali pa Kuishia

Kikundi chetu cha wenye magari ya zamani hukutana Shangani, Mtwara, Jumapili alfajiri, kabla jua halijawa kali, tunakwenda Mikindani kunywa chai na kurudi. Mara mojamoja tunafika Lindi, na mwaka ukiwa mzuri tunapanda Newala. Daftari langu huwa kwenye deshibodi. Gari likigoma naandika ni gari gani, lilikuwa linafanya nini, dalili ya kwanza ilikuwa ipi, na mwishowe kilipatikana nini. Haya yametoka humo. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu mtu aliyekwama Mingoyo na watoto garini hajui kama ni kondensa (kifaa kidogo cha mfumo wa cheche za plagi) au pampu. Anachojua ni kwamba gari limezima.

Kitu kimoja kimejirudia mpaka nimekiamini kabisa: huku kwetu gari la zamani linauawa na kukaa na chumvi, safari hazilidhuru sana. Volkswagen Beetle inayotembea kila wiki inadai kidogo kuliko Peugeot 404 iliyofunikwa turubai Ligula tangu Ramadhani. Kwa hiyo kila mara anza na vitu vya bure: kutazama, kusafisha, kukaza. Pochi ifunguliwe mwishoni.

Unazungusha ufunguo, kimya. Au unasikia mlio mmoja tu

Anza na vichwa vya betri. Hewa ya bahari inaotesha unga mweupe au wa kijani kati ya kichwa na klipu yake. Umeme mdogo wa taa unapita, ule mwingi wa kuzungusha stata (mota inayoamsha injini) haupiti, ndiyo maana taa kuwaka si ushahidi kwamba mambo ni mazuri. Mwombe mwenzako azungushe ufunguo sekunde tano, kisha zigusie klipu zote mbili kidole. Ile yenye joto ndiyo mbaya. Ifungue, ioshe kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, ikwangue kwa msasa mpaka ing'ae, ikaze, kisha ipake grisi juu.

Bado? Fuata waya wa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kinachoiunganisha na chasisi ni ule mkanda wa waya uliosukwa, uko chini, umejaa oili na mchanga, na hakuna anayeukumbuka. Chukua waya wa kushtulia betri, upande mmoja shika kichwa cha betri cha ethi, upande wa pili shika chuma kitupu cha injini. Stata ikiamka, ugonjwa ni huo. Kwenye daftari langu ethi mbovu imejitokeza kuliko karibu kila kitu kingine, na mara nyingi mwenye gari alikuwa ameshanunua betri mpya.

Baada ya hapo pima betri yenyewe. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikijaa leo na kesho iko chini, imekwisha au kuna kitu kinainywa usiku. Mwisho ni stata: igongwe taratibu ubavuni kwa mpini wa spana huku ufunguo umezungushwa. Ikizunguka, brashi za mkaa zimelika, na hiyo ni kazi ya fundi umeme wa magari. Usizoee kuigonga kila asubuhi.

Simama hapa kidogo kabla hujaazima umeme kwa gari jingine. Uliza mambo mawili. La kwanza: gari lako ni la volti ngapi? Beetle nyingi za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ni za volti 6. La pili: ethi iko upande gani? Magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo, zikiwemo Land Rover Series II na za mwanzo za IIA, yalitoka kiwandani ethi ikiwa kwenye chanya. Ukiunga kwa mazoea ya magari ya leo unaunguza vitu. Tumeshaona alternata ya teksi ikiungua kwa sababu sote tulikuwa na haraka na hakuna aliyeuliza.

Wenye Beetle mna la ziada. Betri yenu iko chini ya kiti cha nyuma, na kiti hicho kina springi za chuma. Kifuniko cha betri kikipotea, abiria mnene akikaa, springi inagusa kichwa cha betri na kiti kinashika moto. Inua kiti leo utazame. Kama kifuniko hakipo, kata kipande cha mpira mzito ukifunge vizuri juu ya betri.

Stata inazungusha vizuri, lakini haliwaki

Hapa kuna maswali mawili tu: kuna moto kwenye plagi, na kuna petroli kwenye kabureta?

Gari lililokaa wiki mbili kwenye joto letu mara nyingi kabureta yake imekauka tu. Petroli imeyeyuka, na pampu inayoendeshwa na injini inahitaji kuzungushwa muda mrefu kuivuta tena. Pampu ya Land Rover za Series ina mkono mdogo wa kupampu kwa vidole. Upampu mpaka uwe mzito, kisha washa. Umeokoa betri.

Chanzo kinachofuata ni petroli yenyewe. Inuse. Petroli nzima inachoma pua. Iliyooza inanuka kama vanishi na imegeuka rangi. Hiyo usiongezee mpya juu yake ukitumaini itachanganyika. Itoe yote. Ukiwa hapo tazama bakuli la kioo la chujio kama gari lako linalo. Maji hukaa chini ya petroli yakiwa tone linalotembea ukitikisa bakuli, na vumbi jekundu chini yake ni kutu ya tangi. Tangi lililoachwa nusu tupu msimu wa mvua hupata vyote viwili, kwa hiyo gari linalolazwa lilazwe na tangi lililojaa.

Petroli ikiwa safi, nenda kwenye moto. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na harufu yoyote ya petroli, kisha zungusha stata. Cheche iwe ya bluu na ilie. Ikiwa ya njano au haipo, fungua kofia ya distributa, chombo kinachogawa umeme kwa plagi. Kwanza ifute unyevu ndani, hasa asubuhi baada ya mvua ya usiku. Kisha tazama kontakti pointi, vile vipande viwili vinavyokutana na kuachana ndani yake. Gari likikaa, nyuso zake huota utando usioonekana kwa macho. Pitisha ukanda wa karatasi ngumu safi kati yake, uvute mara mbili tatu, utoke mweusi. Nafasi yake kwa Beetle na kwa Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ni karibu milimita 0.4. Kondensa na koili (inayokuza umeme wa cheche) viwe vya mwisho kulaumiwa, ingawa ndivyo watu wanavyokimbilia kununua.

Ukichomoa waya za plagi, chomoa mmoja mmoja. Mpangilio wa silinda kuwaka wa Land Rover hiyo ni 1-3-4-2, wa Beetle ni 1-4-3-2, na ukizichanganya utalitesa gari ambalo halina kosa.

Na ninawaomba: msimwage petroli mdomoni mwa kabureta huku mtu anazungusha stata. Injini ikirudisha moto, mwali unatoka palepale uso wako ulipo. Kama gari haliwaki bila kufanyiwa hivyo, limefika mahali pa kuita fundi.

Linatembea vizuri nusu saa, kisha linazima

Kabla ya kufungua boneti, kumbuka lilivyozima. Limekata ghafla kama taa iliyozimwa swichi? Mara nyingi ni umeme. Limekohoa, limevuta miguu, likafa polepole? Mara nyingi ni petroli. Kumbukumbu hiyo ya sekunde kumi inakuokolea saa nzima.

Siwezi kusahau Datsun moja ya wenzetu, kati ya Mnazi Mmoja ya Lindi na Mtama. Kila baada ya kilomita chache inakohoa na kuzima. Tukingoja dakika kumi inawaka kama haina kosa. Tulibadilisha kondensa, tukapuliza kabureta, tukabishana. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mkorosho akitutazama akasogea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Hebu fungueni kifuniko cha tangi."

Kijana wetu akafungua, na sote tukasikia tangi likivuta pumzi ndefu, fyuuu. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga kwenye bomba jembamba la kupumulia. Petroli inatoka, hewa haiingii, mwishowe pampu haina nguvu ya kuvuta. Babu alituambia alikuwa akiendesha malori ya karanga na korosho zamani, na nyigu hao ni wa tangu wakati huo. Sasa ndilo jambo la kwanza ninalokagua kwa dalili hii: fungua kifuniko, sikiliza.

Likiwa kimya, tazama chujio la petroli na kutu ndani yake. Kisha bomba la petroli linapopita karibu na ekzosi: petroli ikichemka ndani ya bomba inageuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Kitambaa kilicholoweshwa kikizungushiwa bomba na pampu kitakufikisha nyumbani. Ukishafika, lisogeze bomba mbali na joto.

Kama lilikata ghafla, pima moto palepale kabla injini haijapoa. Kondensa na koili zinazokufa zina tabia hiyo: zikipata joto zinalala, zikipoa zinaamka. Ukingoja kwanza ndipo upime, utakuta cheche nzuri na utadanganyika.

Mpira wa petroli uliopasuka au harufu kali ya petroli ndani ya gari: zima injini, shusheni watu wote, usiwashe tena mpaka mpira mpya ufungwe. Kwenye Beetle mipira hiyo iko juu ya injini yenye moto.

Linachemsha

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Ngoja nusu saa nzima, mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuuachia.

Kinachoongoza ni maji kupungua kwa sababu ya mpira uliochoka au klipu iliyolegea. Papasa chini ya kila mpira, utaona alama nyeupe ya maji yaliyokauka. Cha pili ni mkanda wa feni uliolegea. Cha tatu kiko mbele ya macho: mbegu za nyasi, mabua na wadudu vimeziba matundu ya rejeta baada ya barabara ya vumbi. Vitoe kwa maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwa mkondo mdogo, usipinde mapezi yake.

Cha nne ni cha kwetu hasa. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na watu wanayajaza kwenye rejeta miaka nenda rudi. Chumvi na chokaa hujenga ukuta ndani ya mirija, na chuma cha injini kinaliwa. Jaza maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, au maji ya betri (yale yasiyo na asidi), ukichanganya na kizuia kutu. Rejeta iliyoziba ndani unaijua kwa kuipapasa ikiwa na joto la wastani, injini imezimwa na mkono uko mbali na feni: sehemu zilizo baridi hazipitishi maji.

Mafundi wetu wengi wakisikia gari linachemsha wanatoa thamostati, kile kizibo kinachofunguka maji yakipata joto, na kuitupa. Sikubaliani nao, na nimebishana nao sana. Injini isiyo na thamostati inafanya kazi ikiwa baridi safari nzima za mjini, inakunywa petroli, oili inachafuka upesi na silinda zinalika. Thamostati mbovu inapimwa kwa sufuria jikoni: itumbukize, chemsha maji, itazame ikifunguka kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine.

Peugeot 404 na 504 nyingi zina feni isiyozunguka muda wote. Inashikwa na sumaku ya umeme injini ikipata joto. Umeme huo unapita kwenye brashi ndogo ya mkaa. Ikilika, au waya wake ukiota kutu, feni haishiki kamwe, na utalaumu rejeta bure. Injini ikiwa ya moto tazama kama feni inashika kwa nguvu.

Beetle haina maji kabisa. Mkanda mmoja unazungusha dainamo na feni ya kupooza injini, kwa hiyo taa nyekundu ya dainamo ikiwaka ukiwa barabarani, simama hapohapo, hata kama Mikindani unaiona kwa macho. Mkanda ukikatika, injini imebakiza dakika chache. Ukiubonyeza kwa dole gumba ushuke kama sentimita moja na nusu, si zaidi. Tazama pia mabati na mpira unaozunguka injini: fundi akiyaacha nje, feni inavuta hewa ya moto kutoka chini. Silinda namba 3 ndiyo huumia kwanza.

Acha na uite fundi: maji yanatoa mapovu kwenye rejeta injini ikiwa inazunguka, oili kwenye stiki imekuwa kama chai ya maziwa, au maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja. Hiyo ni gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, au hedi iliyopinda. Ukiliendesha hivyo kutoka Masasi mpaka nyumbani, utafika na injini ya kuuza kwa kilo.

Breki

Hapa sitaki mtu ajaribu ujanja. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1970 yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hayana breki.

Pedali ikizama kwanza kisha ikipanda ukiikanyaga mara mbili tatu, breki shuu zimekaa mbali na drami (duara la chuma linalozunguka na gurudumu), zinahitaji kurekebishwa. Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna hewa. Ikizama polepole chini ya mguu bila mafuta kuonekana yanavuja, masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, inapitisha ndani kwa ndani. Hali hii ya mwisho usiliendeshe gari hata mpaka kona, livutwe.

Gari likivuta upande mmoja baada ya kukaa, mara nyingi pistoni ya wili silinda (silinda ndogo ya breki iliyo kwenye gurudumu) imeganda kwa kutu, au inavuja na kulowesha lainingi, yaani utando wa shuu unaosugua drami. Gurudumu likishika na kuwa la moto wakati hujakanyaga, shuku mpira wa breki uliozeeka: umevimba ndani, unaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Nje unaonekana mzima kabisa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu inao wa kutosha, kwa hiyo yabadilishe kila miaka miwili hata kama gari halitembei. Gari linalolazwa muda mrefu lisivutwe hendibreki, maana shuu zinagandia kwenye drami. Weka gia na mawe chini ya matairi. Na vumbi la ndani ya drami usilipulize: lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitupe kitambaa.

Kuna jambo linalonifurahisha kila nikifungua drami. Mafuta ya ganda la korosho yanatengenezwa unga unaochanganywa kwenye lainingi za breki duniani kote, kwa sababu unastahimili joto na msuguano. Huenda gari lako linasimamishwa na kitu kilichoanza maisha yake Tandahimba.

Moshi na nguvu kupungua

Moshi mweusi ni petroli nyingi: tazama choki (kizuia hewa cha kuwashia injini baridi) iliyoganda na chujio la hewa lililoziba. Wa bluu ni oili. Ukitoka wakati wa kuwasha tu ni sili za valvu. Ukitoka muda wote ni ringi. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji, rudi juu kwenye gasketi.

Nguvu zikipungua taratibu miezi kadhaa na asubuhi gari liwe zito kuwaka, pima nafasi za tapeti, yaani upenyo mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na baadhi ya injini za hedi ya chuma zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu. Viti vikilika, valvu inazama na nafasi ya tapeti inazidi kubana. Ukirekebisha leo na baada ya muda mfupi imebana tena, hedi ipelekwe kwa mchonga vyuma iwekewe viti vigumu.

Usukani unacheza

Upepo wa matairi, kisha umri wake. Tairi la gari lisilotembea linaonekana jipya huku limekufa. Tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mipasuko midogo ikiwepo, libadilishe. Baada ya hapo ni bushi, springi na viungo vya usukani. Gurudumu likitikisika ukilishika juu na chini, gari lisitoke mpaka fundi aone.

Kutu

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na hilo linawadanganya wengi, kwa sababu chasisi ni ya chuma, na aluminiamu inapogusana na chuma penye chumvi, aluminiamu ndiyo inayolika. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi kuanzia nyuma kuja mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito iliyokufa, na maganda yanakuangukia usoni, kwa hiyo vaa miwani. Kwenye Beetle gonga sakafu chini ya betri na mihimili ya pembeni chini ya milango.

Tundu kwenye bati ni kazi ya wakati wowote. Tundu karibu na zinaposhikwa springi au boksi la usukani, gari lisitembee. Na fundi wa kuchomelea asianze kabla betri haijafunguliwa na tangi halijatolewa kabisa, hata likiwa tupu: tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Mkienda Msimbati, najua mtateremka ufukweni, sote tunateremka, kuendesha pale kando ya maji ni raha isiyo na mfano. Lakini gari lioshwe siku hiyohiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chini kwanza: ndani ya chasisi kupitia matundu yake, nyuma ya magurudumu, juu ya tangi. Lala chini uone maji yanayotoka. Mwanzoni yanatoka na mchanga. Endelea mpaka yatoke safi, kisha onja tone moja kwenye ncha ya ulimi. Likiwa bado na chumvi, rudisha mpira wa maji ndani.